RTD ilizimika lini? Inategemea unauliza nini

Tulikuwa tumebaki ndugu wa karibu tu barazani kwa babu, kijijini kwetu Kongwa, mkoani Dodoma, tukisubiri kuanua matanga. Mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, akauliza: "Hivi RTD ilikufa lini?" Usiku kucha alikuwa amewasikia wakubwa wakiitaja Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya taifa ya zamani, akadhani ni swali la jibu moja.

Mjomba akajibu palepale kwamba ilikufa 2007, ilipogeuzwa kuwa TBC. Baba mdogo akakataa. Kwake yeye ilikufa 1994, ilipoingia Radio One, redio ya binafsi. Shangazi, aliyeolewa Bahi, akasema kwao ilikufa walipoacha kumudu mawe ya redio. Babu alikuwa kimya muda wote huo. Mwishoni akasema haijafa, ila redio yake ndiyo iliyoharibika.

Niliondoka na swali hilo na sijaacha kulifuatilia. Nimegundua kwamba hakuna aliyedanganya pale barazani. Kiswahili chetu kinatumia neno "redio" kwa kituo kinachotangaza na kwa chombo kilicho mezani, na kati ya hivyo viwili kuna mengine mawili yasiyoonekana: sheria inayokimiliki kituo, na wimbi linaloibeba sauti. Kila kimoja kilikuwa na siku yake ya kuzaliwa na siku yake ya kuondoka. Ukivichanganya, mtabishana mpaka asubuhi.

Majina, kwanza

Redio ya kwanza Tanganyika ilianza Julai 1951, wakati wa mkoloni, ikaitwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina lilisema kweli. Mtambo ulikuwa mdogo, na wasikilizaji wake walikuwa watu wa mji mmoja. Mtu wa Dodoma au Singida hakuwa na fungu lake humo. Nguvu zilipoongezwa katikati ya miaka ya 1950, jina likapanuka likawa Sauti ya Tanganyika, na mwaka 1956 likaundwa shirika lililofuata mfano wa BBC ya Uingereza. Hata mmoja wa wakuu wake wa awali, Tom Chalmers, alitoka BBC. Shirika hilo liliitwa kwa herufi tatu: TBC.

Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea, na siwalaumu. TBC ile siyo TBC ya leo. Ile ilikuwa ya Tanganyika, ndiyo iliyokuwa hewani usiku wa uhuru, Desemba 1961, na serikali iliivunja mwaka 1965. Utangazaji ukahamishiwa wizarani na kituo kikapewa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Tofauti haikuwa ya jina peke yake. Shirika lina bodi yake. Idara ya wizara inapokea maagizo kutoka kwa waziri. Serikali changa ilitaka redio iwe chombo cha kujenga nchi, na ilitaka kukishika kwa mkono wake yenyewe.

RTD ikadumu hivyo hadi 2002, ilipounganishwa na Televisheni ya Taifa, iliyoanza mwaka 2000, chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT. Mwaka 2007 TUT ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, na zile herufi TBC zikarudi, safari hii T ikiwa ya Tanzania. Kituo kilichokuwa RTD ndicho TBC Taifa. Kwa hiyo mjomba alikaribia, lakini ukishika sheria, RTD kama taasisi iliishi miaka 37, na TUT ndiyo iliyoifunika kabla TBC haijaja.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa Dodoma hawezi kulipita. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie kwetu. Mamlaka ya kuujenga mji ikaundwa mwaka huohuo. Hata hivyo, kwa karibu miaka 30 iliyofuata, redio ya taifa iliendelea kujitambulisha kila siku kwa jina la Dar es Salaam. Wazee wetu walisikia kila asubuhi mji mkuu wao ukiwa kwingine, hali kwenye karatasi ulikuwa hapa.

Wimbi lenyewe

Sasa tuje kwenye lile ambalo nilipokuwa mdogo liliniumiza kichwa zaidi. Kwa nini redio ya babu ilisema vizuri usiku, na saa sita mchana ikakoroma tu?

RTD ya wazee wetu ilisafiri kwa masafa ya kati na masafa mafupi, yale tuliyoyaita mita bendi. Vituo vya masafa ya kati hukaa kati ya kilohezi 531 na 1,602. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1975 ulipanga vituo vya Afrika, Ulaya na Asia vipishane kwa kilohezi 9, na mpango huo ukaanza kutumika Novemba 1978. Ndiyo maana namba ya kituo chochote cha masafa ya kati hapa Afrika ukiigawanya kwa 9 haibakizi kitu. Jaribu kwa 531, jaribu kwa 1,602.

Wimbi la kilohezi 600 lina urefu wa mita 500 hivi. Ni kama kutoka ncha hadi ncha ya viwanja vitano vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Kwa wimbi kubwa hivyo huwezi kutumia kijiti kurushia. Unasimamisha mlingoti wenye robo ya urefu huo, mita 125, na mlingoti wote ndio antena. Unakaa juu ya kigae kinachozuia umeme usikimbilie ardhini, na chini yake, kwenye udongo, hutandazwa nyaya za shaba zinazotawanyika pande zote kama mizizi ya mbuyu. Bila mizizi hiyo, nguvu nyingi hupotelea ardhini papo hapo.

Wimbi hilo likishatoka hufuata njia mbili. La kwanza hutambaa juu ya ardhi. Ardhi yenye maji hulipitisha vizuri, na bahari hulipitisha vizuri zaidi. Ardhi kavu hulichosha upesi. Sasa itazame ardhi yetu: mvua moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki udongo ni mkavu kama unga wa uwele. Wimbi linalotambaa kutoka Pwani, safari ya karibu kilomita 400, lilifika Ugogoni limechoka, kama lilifika.

La pili hupaa juu. Huko angani, mbali sana kupita mawingu, kuna matabaka ya hewa ambayo jua huyatia umeme. Wataalamu huyaita ayonosfia. Tabaka la chini kabisa huwa na nguvu mchana, na lina tabia ya kuyanyonya masafa ya kati. Aliyewahi kumwaga ndoo ya maji kwenye mchanga wa korongo wakati wa kiangazi anajua ninachosema: yanatitia, huyaoni tena. Jua likizama tabaka hilo hutawanyika upesi. Wimbi hupita, hukuta tabaka la juu zaidi, hudunda na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka lilikotokea. Ndiyo maana taarifa ya habari ya saa 2 usiku, baada ya zile ngoma za mzee kipofu Morris Nyunyusa zilizoitangulia, ilisikika hata kwenye vijiji ambavyo mchana havikusikia kitu. Saa 2 usiku jua limeshazama tangu kama saa moja na nusu iliyopita, na njia ya juu iko wazi.

Usiku nao ulikuja na kero yake. Wimbi lililotambaa na wimbi lililodunda huweza kufika pamoja kwenye redio yako, likiwa moja limechelewa kidogo. Yakifika yakikubaliana, sauti hupanda. Yakipingana, hufifia mpaka unainama kutega sikio. Sisi tulidhani mtangazaji ameguswa na upepo.

Masafa mafupi yalisaidia sana, kwa sababu nchi za joto zina radi nyingi, na mkoromo wa radi huyaumiza zaidi masafa ya kati. Kanuni za kimataifa zilizipa nchi zetu bendi maalumu za masafa mafupi kwa ajili hiyo, ile ya mita 60 ikiwa mojawapo, na RTD iliitumia. Lakini dawa hasa ya tatizo la ardhi kavu ilikuwa kuleta mtambo karibu. RTD ikaweka mitambo ya masafa ya kati mikoani, Dodoma ikiwemo. Hapo ndipo mchana nao ukafunguka kwetu.

Naomba msomaji asipite haraka hapa, maana watu wengi husema "redio ya Dodoma ya zamani" wakimaanisha mtambo huo. Kazi yake ilikuwa kupokea matangazo ya Dar es Salaam na kuyarusha upya. Ulikuwa mdomo wa Dar es Salaam uliopandwa Dodoma. Waandishi wa mkoani walituma habari za hapa, mafundi wa RTD walizunguka na vinasa sauti vyao wakirekodi ngoma na kwaya vijijini, lakini uamuzi wa nini kisikike na saa ngapi ulikuwa Pugu Road, Dar es Salaam, yalipokuwa makao ya RTD. Na lugha ilikuwa Kiswahili. Kigogo, Kirangi na Kisandawe vilipata nafasi ndani ya ngoma, si ndani ya habari. Mimi naona tulipata na tukapoteza: bibi yangu, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alijifunza Kiswahili kwa sauti za watangazaji, na mpaka anafariki alisema "hali ya hewa" kwa matamshi ya redioni kabisa.

Ilichofanya ilipokuwa hai

Televisheni haikuwepo Tanzania Bara hadi 1994. Gazeti lilifika vijijini limechakaa, likiwa la juzi. Kwa hiyo redio moja yenye kituo kimoja ilibeba mzigo wote.

Mwaka 1973, watu waliokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa walikusanywa mbele ya redio kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kikundi kilikaa chini ya mti, kiongozi akiwa na kijitabu, kipindi kikasikilizwa, kisha wakajadili: malaria, kichocho, kuhara, kifua kikuu, na uchimbaji wa choo. Iliendeshwa kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa, na watu wanaokaribia milioni 2 walishiriki nchini kote. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Ninapoitazama leo naona ufundi wake ulikuwa kwenye ule mjadala wa baada ya kipindi. Redio ilisema na mtu asiyeweza kuijibu, kwa hiyo walimpa wenzake wa kujibizana nao.

Vipindi vyenyewe kila nyumba ilikuwa na chake. Mkulima wa Kisasa kilikuwa cha babu. Mama na Mwana kilikuwa chetu watoto. Ugua Pole kilikuwa cha yeyote mwenye mgonjwa hospitali ya mbali. Matangazo ya vifo yalikuwa ya wote, na yakianza hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza, maana jina linalofuata laweza kuwa la kwenu.

Wilaya yetu ya Kongwa ina uzi wake mwingine na redio hiyo. Tangu 1964 kambi ya wapigania uhuru ilikuwa palepale ulipokuwa umeshindwa ule mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947. FRELIMO wa Msumbiji walikuwepo, na ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia na wengine. Vyama hivyo vilipewa muda kwenye idhaa ya nje ya RTD kuzungumza na watu wao kule kusini. Sauti ilitoka Dar es Salaam, na baadhi ya waliokuwa wakizungumziwa walikuwa wakifanya mazoezi kwenye vumbi letu.

Na kuna Aprili 12, 1984. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliondoka Dodoma, alikokuwa kwenye Bunge, akielekea Dar es Salaam kwa gari. Akapata ajali mkoani Morogoro. Jioni ile Mwalimu Nyerere mwenyewe alitangaza kifo chake redioni. Baba yangu alikuwa mjini Dodoma. Alisema watu walitoka nje ya nyumba zao wakasimama tu barabarani, kwa sababu wengine walikuwa wamemwona mtu huyo siku ileile kwa macho yao.

Kilichoyazima masafa ya kati

Baba mdogo aliposema 1994, alikuwa anazungumzia ukiritimba, ingawa hakutumia neno hilo. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi kumiliki vituo. Mwaka uliofuata Radio One ikawa hewani. Mwanza wakapata Radio Free Africa, ambayo nayo ilitumia masafa ya kati, na usiku tuliipata mpaka huku. Kwa mara ya kwanza mkono uliogeuza kitufe ulikuwa na pa kwenda.

Lakini vituo vingi vilivyofuata vilichagua FM, na sababu ni za hesabu. Mtambo wa masafa ya kati hula umeme bila huruma. Hata sauti inapokuwa juu kabisa, theluthi mbili ya nguvu inayorushwa ni lile wimbi la kubeba tu, halina neno ndani yake. Ongeza mlingoti wa mita mia na ushei, eneo kubwa la kuzika nyaya, shaba ambayo wezi wanaipenda, na vipuri vya kuagiza nje. FM ya mjini inahitaji mtambo mdogo na mnara wa kawaida.

Tena FM husikika safi. Kwa kuwa vituo vya masafa ya kati vimebanwa ndani ya kilohezi 9, sauti nyembamba za juu hukatwa. Kwa mtu anayesoma habari haina shida. Kwa ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, ni hasara kubwa, maana utamu wake uko kwenye ule mvumo mwembamba unaotetema juu ya nota. RTD iliurekodi vizuri, kisha masafa yakauacha njiani.

Hata hivyo FM haina miguu ya kwenda mbali. Wimbi lake lina urefu wa mita 3 tu na husafiri karibu kama mwanga: kilima kikisimama mbele, basi. Mnara ulio mita 100 juu ya nchi tambarare hufika kilomita 40 hivi. Duara la kilomita 40 lina eneo la kilomita za mraba 5,000. Mkoa wa Dodoma una zaidi ya 41,000. Hata maduara hayo ukiyapanga pasipo kuingiliana, na nchi ikawa sawa kama meza, unahitaji zaidi ya minara minane. Na nchi yetu si meza. Kuna mteremko wa Bonde la Ufa upande wa Bahi, kuna milima ya Mpwapwa, kuna miinuko ya Kondoa. Ukitoka mjini kwa basi ukisikiliza Dodoma FM au Redio Mwangaza, utajua kwa sikio ni kilima gani kimeingia katikati.

Hapa natofautiana na wanaosema kwamba kwa FM tumepata tu, hatukupoteza. Mjini leo kuna vituo vinavyozungumzia maji ya Chang'ombe, soko la Majengo na bei ya alizeti, jambo ambalo RTD haikuwahi kulifanya kwa ajili yetu. Ukaribu huo ni wa thamani kubwa. Lakini kwenye vijiji vilivyo nyuma ya vilima, mtambo mmoja wa zamani uliwafikia watu ambao minara mitano ya leo inawaruka.

Chombo cha mezani

Shangazi alikuwa anasema juu ya chombo. Nyumbani kwao Bahi mawe yakiisha nguvu yaliwekwa juani juu ya tembe. Haikuwa ushirikina: joto huamsha kidogo kemikali zilizobaki, na betri inapata pumzi ya saa chache, za kutosha habari na salamu. Ulipofika wakati jua halisaidii na hela ya mawe mapya haipo, kwao RTD ilikuwa imenyamaza, hata kama mtambo ulikuwa unaunguruma.

Siku hizi simu ndiyo redio, na simu nyingi zina FM lakini hazina masafa ya kati. Waya wa hedifoni unatosha kuwa antena ya wimbi la mita 3. Kwa wimbi la mita 500, redio za zamani zilibeba ndani yake kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Kijiti hicho hupokea vizuri ubavu wake ukielekea kituo, na kikielekea kwa ncha hakisikii kitu. Ndiyo maana wazee walikuwa wakiizungusha redio nzima mezani kama mtu anayetafuta kibla, na sisi tukicheka bila kujua kwamba walikuwa sahihi kabisa. Mbali na hapo, vifaa vya ndani ya simu vyenyewe hupiga kelele kwenye masafa hayo.

Niliporudi Kongwa mwezi uliofuata, nilimwomba babu redio yake. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mawe yalikuwa yamevuja na springi zimeshika kutu. Nikazikwangua kwa kisu, nikafuta kwa ndimu, nikaweka mawe mapya manne. Tulisubiri giza. Saa 2 kasoro nikafungua upande wa masafa ya kati na kuusogeza mshale polepole. Mkoromo. Halafu, mbali sana, sauti ya mtu akisoma kitu, ikipanda na kushuka, kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua.

Mdogo wangu akatoa simu yake arekodi. Babu akanyoosha mkono.

"Geuza kidogo," akasema. "Ubavu uelekee huko."